Bodi la Hilux Haliuzwi Gereji

Pikapu ikifa huku Njombe haifi yote. Injini ndiyo huondoka kwanza, gia boksi inafuata, matairi yanahamia kwenye mkokoteni, na kiti cha mbele kinaingia sebuleni kwa mtu na kuvalishwa kitambaa cha kufuma. Bodi la nyuma ndilo linalobaki, maana ni zito, halina namba, na mtu yeyote mwenye akili ya shamba akilitazama anaona kazi za kulipa. Ndiyo maana anayelitafuta gereji hulikosa. Gereji kuna magari yanayosubiri kupona. Mabodi yameshaolewa kwenye miji ya watu.

Hayo niliyajua baada ya kurithi Hilux ya baba mdogo. Ni singo kebini ya mwaka 1981, kizazi cha tatu cha pikapu ambayo Toyota ilianza kuiuza mwaka 1968. Kizazi chenyewe kilitoka 1978 na kufikia 1983 kikapokewa na kingine. Baba mdogo aliipa kazi mbili tu maisha yake yote: kupandisha mbolea Uwemba na kushusha viazi. Ugonjwa wake ulianzia hapohapo. Mbolea za chumvichumvi hunyonya unyevu wa hewani, na sisi tunaoishi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari unyevu tunagawiwa bure kila asubuhi. Chembe za mbolea zinajibanza kwenye kona na maungio ya bati, udongo wa viazi unazifunika zisipeperuke, mvua inaanza Novemba haiondoki mpaka Aprili au Mei, halafu mtu anashangaa kutu imetoka wapi. Kebini ilikuwa nzima. Chesi nzima. Ila ukisimama ndani ya bodi uliweza kuliona difu, na kumsalimia fundi aliyelala chini yake.

Fundi mwenyewe ni Mkinga, mtu asiyecheka siku za kazi. Alichukua bisibisi, akaigusisha kwenye bati taratibu kama daktari anayegusa tumbo la mtoto, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

“Mwalimu,” akasema, “hapa hata puti itauliza ishike wapi.”

Akanipa njia tatu. Ya kwanza, kukata na kupachika viraka, kazi ambayo mwisho wake unakuwa na viraka visivyokuwa na kitu cha kushikia. Ya pili, kumwendea fundi wa kuchomelea atengeneze bodi jipya la bati nene na anglaini, chini likatandikwa cheka pleti. Ya tatu, kutafuta la kwake lenyewe, lililotoka kiwandani. Mimi nilitaka hiyo ya tatu. Nilitaka ile mikunjo ya ubavuni, zile ndoano za nje za kufungia kamba, na mlango wa nyuma wenye neno TOYOTA lililopigwa kwenye bati lenyewe, siyo la kubandika. Mke wangu alisikiliza maelezo yote hayo, kisha akauliza kama viazi navyo huwa vinasoma.

Ukitangaza Njombe kwamba unatafuta bodi la pikapu, hutapata bodi, utapata washauri. Huu ni mkoa wa mbao, na shemeji yangu anaishi kwa msumeno, kwa hiyo kwake hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa paina. Alinieleza kwamba hata Wamarekani, waliotuanzishia mambo haya, walitumia mbao. Hakukosea sana. Ford walipotoa pikapu yao ya kwanza ya kiwandani, mwaka 1925, walichukua Model T na kuiwekea bodi la bati nyuma, wakaiuza kwa dola 281. Lakini Chevrolet za miaka ya 1950 zilikuwa kweli na sakafu ya mbao zilizobanwa kwa vipande vya chuma. Nikamuuliza shemeji, je, Wamarekani hao walikuwa wanapakia lumbesa? Akasema hilo ni suala jingine, na akapendekeza mlingoti.

Naomba nisimame kidogo kwenye lumbesa, maana kila mtu aliyeniuliza habari za bodi aliuliza kwanza linachukua gunia ngapi, na hakuna aliyekuwa anazungumzia gunia. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Viazi vyetu vinaijua sheria hiyo kwa kuisikia redioni. Gunia linajazwa, linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, na linaposimama shambani unaweza kulipa shikamoo. Pikapu ya tani moja ikipakia lumbesa kumi, mwenye gari anaamini amepakia tani moja. Springi zinajua ukweli. Bodi nalo linajua. Mabodi mengi ya Hilux huku kwetu hayakuliwa na kutu peke yake. Yalipasuliwa na hesabu.

Makambako ndiko nilikoanzia, na nadhani yeyote angeanzia huko. Ni mji uliozaliwa na magari. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita katikati, ya Njombe na Songea inachepuka hapo, na reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976, nayo ina stesheni yake. Malori ya Zambia na Kongo yanalala hapo. Ukitaka spea ya Scania usiku wa manane utaipata, na chai utapewa. Lakini niliingia kwenye duka moja la spea, nikamwambia kijana wa kaunta natafuta bodi la Hilux.

“Ya mwaka gani, mzee?”

“1981.”

Akaacha kuchezea simu. “Basi ukifika nyumbani uifikishie shikamoo yangu.”

Hata hivyo alinipa namba ya dalali. Dalali wa vitu vya magari ana sentensi moja tu, nayo ni “Mzigo upo, bosi.” Ungemwambia unatafuta mguu wa tembo angekwambia mzigo upo. Alinipeleka uani kwa mtu, akafunua turubai kwa madaha ya bwana harusi, na chini yake kulikuwa na bodi la Hilux zuri kabisa, la dabo kebini. Bodi la dabo kebini urefu wake ni kama mita moja na nusu, kwa sababu nafasi iliyobaki imeliwa na viti vya nyuma. Ningelifunga kwenye gari langu, nyuma ya kebini ungebaki uwazi wa kukaa watu wanne na bao lao. Dalali akasema, “Si utalisogeza mbele kidogo, bosi?” Nikamuuliza na matairi ya nyuma nayo niyasogeze? Akafikiri kwa dhati, akasema ana fundi.

Safari iliyofuata alikuwa na la Datsun. “Hawa ni ndugu,” akanihakikishia.

Hapo ndipo fundi wangu alipochoka, akanikabidhi futikamba yake na kipande cha boksi kilichoandikwa vipimo, akasema nisinunue kitu chochote kwa macho. Kizazi kile cha Hilux kilitoka na chesi za urefu tofauti. Ile fupi ilikuwa na milimita 2,585 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ile ndefu ilikuwa na 2,800. Tofauti ni zaidi ya sentimita 20, na bodi likiwa limekaa peke yake kwenye nyasi, bila gari, jicho haliioni tofauti hiyo hata kwa dawa. Utaiona siku ya kulifunga, madigadi yakikaa mbele ya tairi badala ya juu yake, na kila ukipita kwenye tuta tairi linatafuna bati. Kipimo muhimu basi ni kile cha kutoka ukuta wa mbele wa bodi hadi katikati ya upinde wa tairi. Cha pili ni nafasi kati ya tundu na tundu za bolti. Cha tatu ni tundu la mfuniko wa mafuta ubavuni, lilingane na shingo ya tangi lako. Mengine, alisema fundi, ni urembo wa Mwalimu.

Nikawa natembea na futikamba mfukoni. Nikihudhuria msiba, macho yananitoka kuelekea uani kwa wafiwa. Nililiona moja limekuwa birika la kunyweshea ng'ombe, limezibwa kwa saruji kila upande, fupi. Nililiona jingine limesimamishwa kuwa lango la shamba la parachichi, na mwenye shamba akanieleza kwamba parachichi zake zinakwenda Ulaya na mnunuzi alishapiga picha lango hilo, kwa hiyo asingeweza kuliondoa. Nilipelekewa habari za la tatu, refu, safi, na nikafika nikakuta alama ya majani yaliyolala. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamepita asubuhi na mizani yao ya kuning'iniza. Wale hawaulizi mwaka. Wanauliza kilo. Nina hakika kuna nyumba mahali fulani katika nchi hii imesimama juu ya nondo zilizokuwa zamani bodi langu.

Kuna mpwa wangu yuko Marekani, naye hakutaka kupitwa. Akaanza kunitumia picha za mabodi ya Toyota za zamani, yaliyotunzwa kwenye majimbo makavu, yanang'aa kama hayajawahi kusikia habari za mbolea. Nilipofuatilia nikagundua kisa ambacho ningekisikia kilabuni kwenye ulanzi nisingekiamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi za Ulaya, Ujerumani Magharibi na Ufaransa zikiwemo, zilipandisha ushuru wa kuku wa Marekani. Rais Lyndon Johnson akajibu kwa ushuru wa asilimia 25, ulioanza kutozwa 1964, kwa bidhaa nne: brandi, dekstrini, wanga wa viazi na magari madogo ya mizigo. Ndiyo, viazi na pikapu kwenye amri moja. Yule aliyeiandika lazima alikuwa na shangazi Njombe. Lakini gari likiingizwa likiwa ni chesi na kebini tu, bila bodi, ushuru ulikuwa asilimia 4. Wajapani wakafanya ambacho Mkinga yeyote angefanya: wakapeleka gari nusu. Toyota ikawa na kiwanda Long Beach, California, tangu mapema miaka ya 1970, kazi yake kutengeneza mabodi ya kuja kufungwa kwenye magari yaliyoshuka melini uchi. Mwanya huo ulizibwa mwaka 1980. Kwa hiyo bodi alilokuwa ananionyesha mpwa wangu lingeweza kuwa limetengenezwa California kwa sababu ya kuku, na gharama ya kulisafirisha mpaka Njombe ingetosha kununua Hilux mbili na kuku wa kutosha. Nikamshukuru, nikamwambia asome kwa bidii.

Bodi lilipatikana upande wa Wanging'ombe, kwa mama mmoja mtu mzima, na halikuwa limekaa chini. Lilikuwa juu, limepinduliwa, ni paa la banda la nguruwe. Nilipoliona tu nikajua kwa nini limepona: kichwa chini miguu juu, mvua inateleza inakwenda zake, hakuna kona ya kutunza udongo. Nje rangi ilikuwa imeungua kwa jua, lakini ndani bati lilikuwa na rangi yake ya kiwandani. Nikabisha hodi. Kamwene, kamwene, nikapewa kigoda, nikaamkia, nikaomba ruhusa ya kupima. Nilipenyeza futikamba huku nguruwe mwenyewe akiniangalia kwa namna ambayo wakaguzi wa shule hawajawahi kuniangalia. Refu. Tundu za bolti zinakubali. Tundu la mafuta lilikuwa limezibwa kwa bati la kopo, na bati la kopo linafunguka.

“Mama,” nikasema, “ungenipatia bei.”

“Bei ipo, mwanangu. Na nguruwe atalala wapi?”

Nikasema tutamjengea. Mama akaniuliza kama ninajua kwamba nguruwe yule ana mimba. Sikuwa najua. Akaniuliza kama mimi ningependa kubomolewa nyumba katika hali hiyo, tena mwezi wa saba, Njombe. Nikakiri kwamba nisingependa. Basi, akasema, ahame akishazaa na watoto wakipata nguvu. Mimba ya nguruwe ni kama siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kama wafugaji wanavyoikariri. Na huyu alikuwa ameianza juzijuzi.

Fundi alinipigia simu kuuliza kazi inaanza lini. Nikamwambia tunasubiri azae. Kimya kidogo, halafu akasema, “Hongera sana, Mwalimu. Sikujua.” Kabla sijamfafanulia salio likaisha. Wiki ile walimu wenzangu walinichangia, na mke wangu, aliyefunga uzazi zamani, alipokea khanga mbili na sufuria bila kujua za nini. Hakuzirudisha.

Nguruwe akazaa salama. Nikapeleka mabanzi ya paina, misumari, na bati za msauzi, nikamlipa kijana wa kijiji akajenga banda ambalo, kusema kweli, lina upepo mzuri kuliko stoo yangu. Mama akalikagua, akataka liongezwe kizingiti ili watoto wasitoke. Tukaongeza. Ndipo bodi likashushwa, likapandishwa kwenye Fuso iliyokuwa inarudi tupu.

Barabarani tukasimamishwa na trafiki. Akazunguka Fuso, akaona bodi la Hilux limelala chali, akaniuliza ajali imetokea wapi.

“Hakuna ajali, afande. Ni bodi tu.”

“Na gari lenyewe?”

“Lipo nyumbani, juu ya mawe.”

“Kadi?”

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba kadi ya gari huandikwa namba ya chesi na ya injini, na bodi kwa kawaida halina cheti cha kuzaliwa. Nilikuwa nimejiandalia karatasi ya mauziano yenye sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, na ushauri wangu kwa yeyote ni kwamba asisafirishe kipande cha gari bila karatasi hiyo. Afande aliisoma mpaka chini. Akanirudishia. Kisha akashusha sauti akaniuliza kama huko nilikolipata limebaki jingine, maana naye ana Hilux ya marehemu baba yake.

Kulifunga kulichukua muda mfupi kuliko kumshawishi mama. Bolti za zamani ziligoma, zikalowekwa dizeli, zikachomwa kwa gesi, zikasalimu amri. Kijana msaidizi alitaka bodi lichomelewe moja kwa moja kwenye chesi “likae milele”, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia fundi akipandisha sauti. Chesi ya pikapu hujipinda kwenye mashimo, na bodi limetenganishwa na kebini makusudi ili kila kimoja kipate nafasi ya kucheza. Ukichomelea, kitakachopasuka kwanza ni weldi, na usipokuwa na bahati ni chesi yenyewe, ambayo ndiyo yenye namba kwenye kadi. Kwa hiyo ni bolti, na ni bolti mpya. Ndoano za kamba zote zipo. Madigadi yamekaa katikati ya tairi. Kati ya kebini na bodi unapita mkono wangu, haupiti wa dalali.

Mke wangu ndiye mtunza daftari la matumizi. Chini ya kichwa cha habari “Gari” ameandika bodi, usafiri, bolti, rangi, halafu “banda la nguruwe (la mtu)”. Kila mgeni anayekuja anaonyeshwa mstari huo.

Kimebaki kitu kimoja. Mlango wa nyuma ulikuwa ndio ukuta wa mbele wa lile banda, na nguruwe aliutumia kujikunia upande mmoja kwa miaka. Herufi mbili za mwisho zimeondoka pamoja na bati lake, na kwa sasa gari langu linapita mjini Njombe likiwa limeandikwa TOYO. Wanafunzi wangu wameshanipa jina hilo. Basi wewe msomaji, kama una mlango wa nyuma wa Hilux ya 1978 hadi 1983, wenye herufi zake sita, hata kama umeufanya benchi au kibao cha kufulia, tafadhali usiwape watu wa chuma chakavu. Ulizia Mwalimu Toyo. Mabanzi ninayo.